Vifuko, pete au mipira: mchezo upi wa kurusha utawafaa wazee wenu?

Jumamosi ya kwanza tulipowaletea wazee wetu wa Makorora, hapa Tanga, mipira ya kurusha, hakuna aliyeumia bega wala kiwiko. Aliyetushtua ni babu mmoja ambaye mpira wake ulipita shabaha ukaenda mpaka chini ya mwembe. Akaufuata mwenyewe, akainama, akauokota, akainuka kwa mkupuo kama kijana. Akayumba. Mkono ukatafuta cha kushika, ukakuta ukuta. Kusingekuwa na ukuta, jioni ile ingetukuta hospitali ya Bombo. Alipokwisha kunywa maji akasema ni uchovu tu. Mkewe akamkatiza: uchovu gani, nawe unameza dawa za presha na umeshaambiwa usiinuke hivyo?

Tangu siku ile, mtu akinisifia mchezo wa kurusha kwa ajili ya wazee huwa namuuliza jambo moja: nani anaokota, na anaokota vipi? Kurusha ni nukta moja. Kuinama, kurudi na kusubiri zamu ndiko kunakokula alasiri nzima, na ndiko watu wanakoangukia. Wengi huilinganisha michezo hii kwa uzito wa mpira na umbali wa shabaha. Hayo nami nitayataja, ila zaidi nitatazama yanayotokea baada ya kitu kutua chini.

Mimi si tabibu. Ni mtu niliyekabidhiwa funguo za stoo na wazee kama kumi na wawili, wake kwa waume, wanaokutana uani baada ya swala ya alasiri na kutawanyika kabla ya magharibi. Mzee mwenye moyo unaosumbua, aliyepasuliwa nyonga au aliyepata kiharusi karibuni, amuulize kwanza daktari wake.

Wazee hawalingani

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Sawa kwa makaratasi, lakini uani mambo ni mengine. Wetu wa miaka 62 anakuja na baiskeli kutoka Sahare, na wa miaka 84 anashikwa mkono kutoka nyumba ya pili. Ukiwachagulia mchezo mmoja kwa masharti mamoja, mmoja atachoka na mwingine atachoshwa. Kwa hiyo mchezo ninaoupenda ni ule unaokubali kuvutwa: umbali usogee, uzito upungue, kiti kiruhusiwe, na bado ushindani ubaki wa haki.

Sharti ambalo sisi hatulilegezi ni la mkono: chini kwa chini. Mkono unaning'inia ubavuni, unarudi nyuma kidogo, unakwenda mbele, unaachia, na haupandi kupita bega. Mabega ya wazee wengi yameshakaza, na kurusha kwa kupitisha mkono juu ya kichwa huamsha maumivu yatakayomzuia mtu kuchana nywele kesho yake. Kwa sababu hiyo vishale nimeviondoa kabisa, na ncha zake pia hazina nafasi mahali penye wajukuu wanaokimbiakimbia.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani ya mwili na ya nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki. Kurusha ukiwa umesimama, mguu mmoja mbele, uzito ukihama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, kunahesabika kama zoezi la mizani. Kurusha ukiwa umekaa kunafanyisha kazi mkono na jicho, basi. Vyote viwili vina faida, ila usimwambie mtu aliyekaa kwamba ameshamaliza mazoezi ya wiki.

Vifuko na ubao wenye tundu

Huu ni mchezo wa Marekani, huko wanauita cornhole. Ubao wa kama sentimita 120 kwa 60 unalazwa mshazari, kichwa chake kikiwa juu kama sentimita 30, na karibu na kichwa pana tundu la sentimita 15. Kila upande una vifuko vinne. Kifuko kikiingia tunduni ni alama 3, kikibaki juu ya ubao ni 1. Mwisho wa raundi alama za upande mdogo zinatolewa kwenye za upande mkubwa, na anayefika 21 ameshinda.

Kwa kipimo cha mashindano, ubao na ubao hukaa mita 8 na kidogo, na kifuko kimoja hukaribia nusu kilo. Kwa wazee wetu huo ni mzigo. Tulianza na mita mbili kwa waliokaa na tatu kwa waliosimama, na vifuko tukavipima kwenye mizani ya dukani: gramu 200. Bibi mmoja ambaye vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi alivikamata bila taabu, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya kifuko. Kinakubali mkono wowote. Mpira unadai kiganja kilichofunguka, kifuko unaweza hata kukibana kwa vidole viwili.

Nacho kikitua, kimetua. Hakibingiriki kwenda chini ya mguu wa mtu. Katika michezo yote niliyojaribu huu ndio usiotawanya vitu uani, na kijana mmoja mwenye ndoo anakusanya vifuko vinane kabla hujamaliza kuhesabu.

Shida yake iko ndani. Tulianza na choroko, na baada ya wiki kadhaa stoo ikajaa wadudu, panya naye akatoboa viwili. Tukajaribu mchanga wa Raskazone. Ukavuja kwenye nyuzi za kanga, na kilichobaki kikavuta unyevu wa bahari kikawa kama mkate uliolala. Mbegu za ukwaju zilizooshwa na kuanikwa zimekaa mpaka leo. Halafu mzee mmoja wa bao akaleta komwe, zile mbegu za kuchezea bao. Nani Tanga asiyezijua? Ngumu, zenye ganda laini, hazina mdudu, na zikigongana ndani ya kitambaa zinatoa mlio. Mlio huo una kazi kubwa, nitaurudia. Kitambaa kiwe kizito, jinzi kuukuu au turubai jepesi, kishonwe mara mbili.

Ubao wetu ulichongwa na seremala wa Ngamiani kwa vipande vya plaiwudi vilivyobaki kwenye kazi nyingine. Kosa letu lilikuwa rangi ya mafuta inayong'aa: jua la saa kumi na moja likiupiga, mwenye mtoto wa jicho haoni ubao wala tundu, anaona mwako mtupu. Tukaupaka tena rangi ya ukutani isiyong'aa, nyeupe, na mzunguko wa tundu ukawa mweusi. Kama huna seremala, usingoje. Ungo mkubwa ukiegemezwa ukutani na kikapu cha ukili mbele yake vinatosha kwa mwezi wa kwanza: kwenye kikapu 3, kwenye ungo 1.

Pete na chupa

Sijui kwa nini mji uliolelewa na mkonge ulisahau mchezo huu, maana vifaa vyake tumevikalia. Pete ni kipande cha kamba ya katani, kama unene wa kidole gumba, kilichopindwa kuwa duara la sentimita 18 hivi na kushonwa ncha kwa ncha. Mabaharia walikuwa wakirusha pete za kamba namna hii sitahani ili kuua muda wa safari. Shabaha ni chupa za maji za lita moja na nusu zilizojazwa mchanga mpaka shingoni, ambazo hata upepo wa kusi hauziangushi.

Katani ina vinyuzi vinavyochoma vidole, na ngozi ya mzee ni nyembamba, inachubuka upesi na kupona polepole. Zungushia kila pete utepe wa kanga iliyochakaa. Hapo unapata na rangi: pete za kanga nyekundu kundi hili, za njano kundi lile.

Hapa ndipo yule babu wa mwembe aliponipa somo la pili. Alikuwa kibarua wa mashamba ya mkonge ujanani, sasa anatembelea bakora. Pete yake ilipokosa chupa, sikuwahi kumzuia. Alikwenda taratibu, akaingiza ncha ya bakora katikati ya pete, akainyanyua mpaka kiunoni, ikateleza kwenye mkono wake. Hakuinama hata kidogo. Uani pakawa kimya, halafu kila mwenye bakora akataka kuokota mwenyewe, na wasio na bakora wakaanza kuazima. Katika kipimo changu cha kuokota, pete inashinda, na inashinda kwa heshima, kwa sababu mzee anaichukua mwenyewe bila kusubiri kijana amhurumie.

Pete inataka kifundo cha mkono zaidi kuliko bega. Aliyepooza upande mmoja anacheza kwa mkono mzima bila kuhitaji wa pili. Na inakubali watu wengi kwa wakati mmoja: panga vituo vitatu, kila kimoja chupa tano, wazee wanne wanne, na hakuna atakayekaa muda mrefu akitazama migongo ya wenzake. Nimejifunza kwamba mzee akisubiri zamu kupita kiasi anakumbuka dawa, anakumbuka mbuzi, anaaga.

Ubaya upo. Pete ni nyepesi, upepo ukiwa mkali inapeperuka. Kuingiza shingo ya chupa ni kugumu kuliko inavyoonekana, na anayeanza anaweza kurusha kumi asipate hata moja, akavunjika moyo. Dawa yake ni kutoa alama kwa kugusa pia: imegusa chupa 1, imevaa shingo 5. Na zile zilizolala chini ni mtego kwa anayeburuta miguu, kwa hiyo kati ya mstari na chupa hapiti mtu mpaka pete zote zimerushwa.

Bocha

Jina lake la asili ni boccia. Ulitengenezwa kwa ajili ya watu wenye mtindio wa ubongo, umo kwenye Michezo ya Paralimpiki tangu mwaka 1984, na unachezwa mtu akiwa amekaa. Mipira ni 13: sita myekundu, sita ya buluu, mmoja mweupe. Mweupe unarushwa kwanza, kisha kila upande unajitahidi kusogeza yake karibu nao. Mwisho, upande wenye mpira ulio karibu zaidi unapata alama kwa kila mpira wake uliouzidi ule bora wa wapinzani. Wazee wetu waliupa mpira mweupe jina la bibi harusi, maana kila mtu anataka kukaa karibu naye.

Kama kwenu kuna watu wa bao, huu ndio mchezo wao. Vifuko na pete ni shabaha tu. Bocha ina hila: unaweza kumzibia mwenzako njia, unaweza kuusukuma mpira wako uliotangulia, unaweza kumhamisha bibi harusi mwenyewe ukaharibu hesabu nzima. Watu wawili wanaweza kubishana juu ya uzi wa kupimia mpaka kahawa ikapoa, na hiyo ndiyo raha yao. Nilidhani mabishano yatanishinda. Nilichofanya ni kumkabidhi uzi bibi mmoja ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tangu hapo hakuna rufaa.

Mipira halisi ni ya ngozi au mfano wake, kila mmoja gramu 275 hivi, laini kidogo ili usikimbie ovyo. Seti hizo si za kuzikuta kila duka, na bei yake si ya kikundi cha wazee wanaochangiana sukari. Tulitengeneza za kwetu: soksi nene mbili, moja ndani ya nyingine, zimejazwa mbegu za ukwaju na vipande vya godoro, zikafungwa na kushonwa. Hazibingiriki mbali, na hilo ndilo tulilotaka.

Rangi zilileta mzozo ambao hakuna mwongozo unaoutaja. Wekundu ulidakwa na wazee wa Simba kabla sijamaliza kueleza. Wa Yanga wakakataa buluu katakata, wakadai kijani. Kijani na nyekundu kwa macho yaliyofifia jioni ni kitu kimoja, kwa hiyo tukasuluhishana kwenye njano, inayoonekana vizuri zaidi kuliko hata buluu. Walikuwepo wawili wa Coastal Union, timu yetu ya Tanga, waliosema hayo ya Dar es Salaam hayawahusu.

Uwanja rasmi ni mita 12.5 kwa 6. Sisi tunatumia majamvi matatu yaliyounganishwa, kwenye varanda, na hata mvua za masika hazituzuii. Jamvi linapunguza mwendo wa mpira na mipaka inaonekana yenyewe. Kingo zake tunazikandamiza kwa utepe mpana wa gundi, kwa sababu ukingo uliojikunja ni hatari kuliko mpira wenyewe.

Asiyeweza kurusha kabisa bado ana nafasi. Kanuni zinaruhusu mtu atumie mteremko: bomba la PVC lililopasuliwa kati kwa urefu, ncha moja juu ya magoti au kiti, nyingine chini. Msaidizi analigeuza anavyoagizwa, naye haruhusiwi kugeuka kuutazama uwanja. Katika michezo yote hii, huu ndio unaompa mzee asiye na nguvu mikononi uamuzi kamili. Bibi mmoja aliyepooza, anayeongea kwa shida, alimwelekeza mjukuu wake kwa kidole, kushoto, zaidi, rudi, akamgonga bibi harusi. Sijaona kifuko wala pete vikifanya hivyo.

Kwenye kuokota, bocha inashika mkia. Mipira 13, kila mmoja upande wake, chini kabisa. Bila msaidizi mwenye ndoo usiuanze. Pia wanacheza wawili, wanne au sita tu kwa mara moja, wengine wanatazama. Kwetu watazamaji hawachoki kwa sababu wanashauri kwa sauti, lakini kikundi kipya ambacho watu hawajazoeana kinaweza kusinzia.

Ya kigeni mingine miwili, kwa haraka

Petanki ya Wafaransa, pétanque, ina asili inayonifurahisha: ilizaliwa La Ciotat mwanzoni mwa karne iliyopita kwa sababu ya mchezaji wa mipira ya kale ambaye viungo vilimuuma asiweze tena kukimbia hatua za kurushia. Wakakubaliana warushe miguu ikiwa imetulia chini. Kwa hiyo wenyewe ni mchezo uliolegezwa kwa ajili ya mwenye maumivu. Lakini mpira wake ni wa chuma, gramu 650 hadi 800, unarushwa mita 6 hadi 10, na ukidondokea dole la mguu lililovaa ndala hakuna wa kucheka. Unafaa wazee wenye miguu imara, kwenye mchanga mgumu, ambao wangependa kitu kizito mkononi. Uzuri wake, chuma kinanaswa kwa sumaku iliyofungwa kwenye kamba, kwa hiyo kuinama si lazima. Ubaya wake, hewa ya bahari na chuma cha bei rahisi havipatani.

Molki, au mölkky, ulianza kuuzwa Lahti nchini Finland mwaka 1996. Vigingi 12 vya mti vina namba 1 hadi 12, unavirushia kipande cha mti kutoka mita tatu na nusu hivi. Ukiangusha kimoja unapata namba yake, ukiangusha vingi unapata idadi yake. Anayefika 50 kamili ameshinda, anayepitiliza anarudi 25. Hesabu hiyo inachangamsha kichwa vizuri sana. Ila kila raundi lazima mtu ainame kusimamisha vigingi pale vilipoangukia. Wajukuu wakiwepo, chukua molki, watoto watasimamisha huku wakibishana hesabu na bibi zao. Siku ya shule, uweke stoo. Badala ya vigingi tumetumia chupa ndogo zilizoandikwa namba kubwa, na badala ya mti, kifuko, kwa kuwa mti ukidunda kwenye saruji unatafuta miundi ya watu.

Chupa ya rede

Nilipowauliza akina bibi walirusha nini utotoni, jibu lilikuwa rede. Wawili wanarushiana mpira kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Kwa umri huu kukwepa hakuna. Lakini bibi mmoja akasema, kwa nini tusichukue chupa tukaacha mpira? Ndivyo tunavyohesabu alama sasa, mchezo wowote tunaoucheza. Kila kundi lina chupa yake ya plastiki isiyo na rangi. Alama moja, kijiko kimoja cha mchanga. Inayojaa kwanza imeshinda.

Faida yake sikuitarajia. Asiyesoma namba anaona. Asiyesikia vizuri anaona. Anayesahau katikati ya mchezo ni nani anaongoza anatazama chupa tu. Na kumimina mchanga kwa kijiko kwenye shingo nyembamba ni zoezi la vidole ambalo wanafanya bila kuambiwa ni zoezi. Ubao wa chaki tuliokuwa nao sasa unatumika kuandika waliochangia sukari.

Basi uchague upi

Kama unaanza kesho na huna pesa, anza na pete. Kamba, kanga kuukuu, chupa za kuokota, na bakora zao wenyewe. Kama wengi wamekaa na vidole vimekaza, fanya vifuko, ukianza na kikapu na ungo. Kama una kikundi kilichozoeana, chenye watu wa bao na utani, na una vijana wawili wa kuokota, ingia kwenye bocha, hutajuta. Nikilazimishwa kubaki na mmoja tu nitabaki na pete, ingawa mchezo ninaoupenda mimi mwenyewe kuutazama ni bocha. Vyote vitatu havishindani sana: sisi tunaanza na pete watu wapashe mikono moto, tunaingia bocha, na wanaochoka wanahamia kwenye vifuko.

Vipo vitu ambavyo mchezo wowote hautakusamehe. Kiti cha plastiki chepesi ni kimoja: mzee akijitupa mbele na kifuko, miguu ya kiti inapanuka au inateleza kwenye sakafu. Tumia benchi la mbao, au kiti kizito kilichoegemea ukuta. Ndala zivuliwe au zibadilishwe kwa viatu vyenye kamba ya nyuma. Msimu wa kaskazi maji yatolewe kabla mtu hajaomba, kwa sababu kiu kwa wazee huchelewa kujitangaza. Mwenye kisukari anayedunga sindano awe na kitu cha kula karibu. Akisikia kifua kinabana, mchezo umekwisha kwake siku hiyo, na mtu aende naye hospitali, si nyumbani.

Fedha zisiwekwe. Ukiweka hata mia mbili ya mshindi, nusu ya wazee wataondoka kwa kuogopa kamari, na watakuwa sahihi. Mshindwa anamimina kahawa, imetosha.

Na tafadhali, usiwageuze watoto. Nimemwona kijana mmoja mwenye nia njema kabisa akiwapigia makofi kila wanaporusha, hata wanapokosa, "safi sana bibi, safi sana!" Bibi mmoja akamtazama akamwambia, mwanangu, mimi nimezaa kumi, najua nilipokosa. Msalimie kila mmoja shikamoo yake, mwambie kweli anapokosa, na mtani wake akimcheka mwache acheke. Mbondei na Mdigo wakikaa benchi moja hawahitaji mwongozaji wa furaha.

Nilisema nitarudi kwenye komwe. Tuna mzee mmoja ambaye macho yamekwisha kabisa. Miezi ya mwanzo alikuwa anakuja kukaa tu na kusikiliza. Siku moja mjukuu wake akachukua kifuko cha komwe, akasimama nyuma ya kikapu na kukitikisa: cha, cha, cha. Mzee akageuza uso kuufuata mlio, akaomba kifuko kingine, akarusha. Kikapita. Mtoto akatikisa tena, safari hii chini zaidi, kwenye mdomo wa kikapu. Cha tatu kiliingia, na alijua kimeingia kabla hatujasema, kwa sababu komwe zilizoangukia komwe nyingine zina sauti yake. Sasa mstari wake ni mita moja na nusu, kanuni ni ile ile ya wote, na Jumamosi iliyopita chupa ya kundi lake ilijaa kwanza.